Mwaliko Usiotaja Kusudi

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika, ambaye hapana neno litokalo kinywani wala wazo lipitalo moyoni ila analijua. Twamshukuru, twamtaka msaada, na twamwomba maghufira. Twashuhudia kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na twashuhudia kuwa Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya, enyi Waislamu mliohudhuria, nanyi wasikilizaji mlioko majumbani, mabwenini na madukani: najiusia nafsi yangu na kuwausieni ninyi kumcha Mwenyezi Mungu, kwani ucha Mungu ndio akiba isiyooza wala kuibiwa.

Ndugu zangu katika imani, leo nataka tuzungumze jambo ambalo vijana wetu hukutana nalo karibu kila wiki, na wazazi wengi hawapendi kulitaja. Jambo lenyewe ni mwaliko usiotaja kusudi. Mtu humwambia mwenziwe, "Njoo tuonane kidogo." Haelezi waonane kwa ajili ya nini. Aliyeitwa hubaki akijiuliza: je, huyu ananiita kwa shughuli, au ananiita kwa mapenzi? Akienda akidhani ni shughuli, huenda akajikuta yumo katika jambo asilolikusudia. Akikataa akidhani ni mapenzi, huenda akawa amemvunjia heshima mtu aliyekuwa na nia njema. Basi yatupasa tujue namna ya kupambanua, kwani dini yetu haikutuacha gizani katika jambo hili.

Sisi tunaoishi katika mitaa hii, kuanzia Magogoni na Kivukoni hadi Mnazi Mmoja na Kariakoo, tunaishi mahali ambapo watu huchanganyika tangu alfajiri mpaka usiku. Wanaume na wanawake huuza na kununua pamoja katika maduka ya Mtaa wa Kongo na Msimbazi, hubanana katika mabasi ya mwendokasi, na husimama bega kwa bega wakiingojea pantoni ya kuvukia Kigamboni. Wanafunzi wa vyuo husoma pamoja na hubadilishana madaftari. Katika hali hii hatuwezi kusema kuwa kila neno la mwanamume kwa mwanamke ni uchumba, wala hatuwezi kusema kuwa kila mwaliko ni salama. Kuna mialiko mitatu ambayo vijana wetu huisikia sana. Wa kwanza ni wa mwanafunzi mwenzake: "Njoo jioni nikupe zile nakala za masomo." Wa pili ni wa mwenye duka: "Pita baada ya kufunga, nikuonyeshe mzigo mpya." Na wa tatu ni ule wa siku ya Jumapili: "Tuvuke ng'ambo tukapunge upepo, tunywe soda." Maneno yote matatu ni mepesi, na kila moja laweza kuwa na maana mbili.

Enyi Waislamu, wanavyuoni wetu wa fikihi waliijua habari ya maneno yenye maana mbili zamani sana. Katika Sura ya Pili, Al-Baqara, aya ya 235, Mwenyezi Mungu anataja habari ya mwanamke aliye katika eda. Ametufahamisha kuwa si dhambi kwa mwanamume kudokeza nia ya kumposa, wala kuificha nia hiyo moyoni; lakini amekataza kupeana naye ahadi za siri, isipokuwa kusema neno lililo jema na linalojulikana. Kutokana na aya hii mafakihi wakatenga mambo mawili: kudokeza, na kusema wazi. Imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.), katika Sahihi ya Bukhari, kuwa mfano wa kudokeza ni mtu kusema kuwa anatamani kuoa, au kuwa angependa kuwepesishiwa mke mwema. Mafakihi wakasema kuwa dokezo hilo linaruhusiwa kwa mjane aliye edani, bali haliruhusiwi kwa mwanamke aliyepewa talaka rejea, kwa sababu huyo bado yumo katika hukumu ya mke wa mtu. Tazameni jinsi sheria ilivyo na macho makali: inajua kuwa dokezo nalo ni neno, na kuwa neno lina hukumu yake hata kama msemaji amelifunika.

Na hapa pana jambo la kuzingatiwa na wanafunzi wa lugha. Neno letu la Kiswahili "miadi", tulitumialo tukiwekeana saa na mahali pa kuonana, limetoka katika shina lile lile la Kiarabu la neno la aya hiyo lililokataza kuahidiana kwa siri. Miadi yenyewe si haramu. Tunawekeana miadi na fundi, na daktari, na mteja. Kilichokemewa ni ile siri inayofungwa baina ya wawili, isiyojulikana na wenye kuhusika.

Sasa tuutazame mwaliko ulio safi, ili tuweze kuutambua ule uliochafuka. Katika Sura ya 28, Al-Qasas, tunasoma habari za Nabii Musa (A.S.) alipofika kwenye maji ya Madyan akiwa mgeni, mchovu, hana pa kulala. Akawakuta wanawake wawili wamezuia mifugo wao wakingoja wachungaji waondoke, akawanyweshea, kisha akarejea kivulini. Baadaye mmoja wa wale wanawake akamjia akitembea kwa haya, akampa mwaliko. Na katika aya ya 25 mwaliko huo umeelezwa kwa maneno machache yaliyokamilika: kuwa baba yake anamwita, ili amlipe ujira wa kuwanyweshea mifugo. Zingatieni, ndugu zangu. Maneno hayo yametaja anayeita: ni baba. Yametaja sababu ya kuita: ni malipo ya kazi. Na kwa kuwa baba ndiye mwitaji, imejulikana wanakokwenda na nani atakuwepo. Binti yule alikuwa peke yake njiani na mwanamume asiyemjua, tena kijana mwenye nguvu, lakini hakuacha katika maneno yake tundu la kuingiza dhana.

Tena msiishie hapo. Endeleeni mpaka aya ya 27. Jambo la ndoa lilikuja baadaye, na lilipokuja halikujificha ndani ya mazungumzo ya ujira. Mzee yule alilitaja kwa jina lake: kwamba anataka kumwoza mmoja wa binti zake, kwa sharti la utumishi wa miaka 8, na akitimiza 10 ni kwa hiari yake. Shughuli ilikuwa shughuli, na posa ikawa posa. Kila moja ilikuwa na maneno yake.

Na ndivyo ilivyokuwa kwa Mtume wetu (S.A.W.) na Bibi Khadija (R.A.). Walianza kwa biashara. Bibi Khadija alikuwa mwenye mali, akampeleka Sham na bidhaa zake, pamoja na mtumishi wake Maisara. Alipopendezwa na uaminifu wake na akataka kuolewa naye, hakumwita kwa kisingizio cha hesabu za biashara. Wapokezi wa sira wanatueleza kuwa alimtuma mwanamke aitwaye Nafisa binti Munya ili apate kujua rai yake juu ya ndoa, kisha wazee wa pande mbili wakakutana. Enyi wafanyabiashara wa Kariakoo, wake kwa waume, mkitaka kielelezo cha watu waliofanya biashara pamoja kisha wakaoana bila ya kuchanganya mambo hayo mawili katika giza moja, kielelezo chenu ni hicho.

Basi twaweza kupata alama za kupambanulia. Nazitaja nne, na yafaa mzishike.

Alama ya kwanza ni kusudi. Mwaliko wa shughuli huwa na kitu mkononi: nakala, hesabu, mzigo, barua, mgonjwa wa kutazamwa. Ukiuliza, "Ni kwa ajili ya nini?" hupata jibu la sentensi moja. Mwaliko wa mapenzi uliofichwa hujibu kwa kuzunguka: "We njoo tu, utajua huko huko."

Alama ya pili ni kulingana kwa mahali na saa na lile kusudi. Nakala za masomo hutolewa maktabani au darasani mchana. Hazihitaji chumba cha kupanga saa tatu ya usiku. Mzigo mpya huonyeshwa duka likiwa wazi, na wateja wengine wakiuona. Hauhitaji mlango uliofungwa. Kusudi likisema mchana na saa ikasema usiku, iaminini saa.

Alama ya tatu ni siri. Mwenye kuita kwa heri hajali nani anajua. Akisema, "Usimwambie mtu," au "Ufute ujumbe huu ukishausoma," basi amekwisha kukujibu swali ambalo hujamwuliza. Amesimulia Nawwas bin Sam'an (R.A.), katika Sahihi ya Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) alieleza dhambi kuwa ni lile linalotaabisha kifuani nawe ukachukia watu walijue. Kipimo hiki kinampima mwitaji, na kinampima pia mwitwaji. Binti anayebadilisha nguo mara tatu kabla ya kwenda kuchukua daftari, na kijana anayewaambia wenziwe kuwa anakwenda kwa shangazi ilhali anakwenda Feri, wote wawili wanajua wanakokwenda.

Alama ya nne ni mtu wa tatu. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Sema, "Nitakuja na dada yangu." Ikiwa ni shughuli, mtu wa tatu haiharibu, pengine ataisaidia. Ikiwa mwitaji atanuna, au ataahirisha, au atasema kuwa mambo yenyewe ni ya watu wawili tu, basi kilichokuwa kikitakiwa ni ule upweke wenyewe. Na upweke wa mwanamume na mwanamke asiyekuwa maharimu wake umekatazwa na Mtume (S.A.W.) katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwa Ibn Abbas (R.A.). Katazo hilo ni la kila upweke, hata wa wale wenye nia safi, kwa kuwa nia ya saa kumi yaweza isiwe nia ya saa mbili ya usiku.

Lakini tahadharini, ndugu zangu, alama moja isigeuzwe kuwa hukumu. Katika Sura ya 49, Al-Hujurat, aya ya 12, tumeamrishwa kujiepusha na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Asije mtu akamwona mwanafunzi wa kike amesimama na mwenzake kwenye kituo cha basi, akarudi mtaani na habari za uzinzi. Pengine alikuwa akiulizia mtihani. Kusingizia ni maasia makubwa kama yalivyo makubwa maasia mengine. Alama nilizozitaja ni za kukufanya wewe uliyeitwa uulize. Si za kumfanya jirani ahukumu.

Na kuuliza si utovu wa adabu. Sisi watu wa pwani tumezoea kustahiana, na staha ni katika imani. Lakini staha imegeuzwa na baadhi ya watu kuwa kamba ya kuwafungia wengine vinywa. Binti huona aibu kuuliza, "Unaniitia nini?" akichelea kuambiwa amejipa thamani asiyokuwa nayo. Basi na aulize kwa upole: "Nashukuru kwa mwaliko, kaka. Shughuli yenyewe ni ipi, na nani wengine watakuwepo?" Maneno hayo hayamtukani mtu. Mwenye shughuli ataitaja. Mwenye posa atapata mlango wa kusema, naye ajibiwe, "Ikiwa ni hilo, nyumbani ni mtaa fulani, na baba yupo baada ya Magharibi, mlete mshenga wako." Na yule mwenye kuchezea watu atacheka, atasema, "Mbona unakuza mambo?" Huyo naye amejibu. Hapo shika agizo alilolihifadhi Sayyidna Hasan bin Ali (R.A.) kwa babu yake, Mtume (S.A.W.): kuliacha linalokutia shaka na kulishika lisilokutia shaka.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na kwa ajili yenu na kwa Waislamu wote. Nanyi mwombeni, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa kurehemu.

HOTUBA YA PILI

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu.

Enyi Waislamu, katika hotuba ya kwanza tumesema na aliyealikwa. Sasa tuseme na mwenye kualika, kwani yeye ndiye mwenye ufunguo. Ewe kijana, ikiwa moyo wako umemwelekea binti wa watu, hilo si kosa. Moyo huelekea. Kosa ni kumleta mtu katika jambo ambalo hukumwambia. Unapomwita kwa jina la masomo ilhali wataka mapenzi, umemnyima haki yake ya kukubali au kukataa, kwa sababu mtu hawezi kukataa kitu ambacho hakuambiwa. Na jambo hili halikuhusu wewe mwanamume pekee. Wapo wanawake wanaowaita vijana kwa kisingizio cha kazi, na kijana akafika akakuta kazi haipo. Hukumu ni moja.

Usiseme kuwa kusema wazi kunavunja haiba. Abu Talha (R.A.) alimposa Ummu Sulaym (R.A.) kabla hajasilimu, naye Ummu Sulaym akamjibu kuwa mtu mfano wake hakataliwi, isipokuwa yeye ni kafiri, akisilimu, Uislamu wake ndio utakaokuwa mahari. Akasilimu, wakaoana, na habari yao imehifadhiwa katika mkusanyiko wa An-Nasai. Mposaji alisema wazi, mposwa akajibu wazi, na heshima ya wote wawili ikabaki mahali pake. Wala usiseme kuwa dini imekukataza kumjua unayetaka kumwoa. Mughira bin Shu'ba (R.A.) alipotaka kuoa, Mtume (S.A.W.) alimwagiza akamtazame mwanamke yule, kwa sababu hilo ndilo lenye kuelekea zaidi kudumisha mapenzi baina yao. Basi kuna kuonana kulikoruhusiwa: nyumbani kwao, sebuleni, baba au kaka akiwapo, nia ikiwa imekwisha tajwa. Muulizane juu ya dini, kazi, tabia na makazi. Huko ndiko kuonana kunakojenga. Mila yetu ya mshenga na barua ya posa haikuwekwa kwa ajili ya kuwatoza watu gharama; imewekwa ili maneno yawe na mashahidi, na ili anayekataliwa asifedheheke mbele ya watu wengi.

Ndugu zangu, lipo neno baya linalozunguka mitaani, nalo ni "kala changu". Kijana humnunulia binti soda na sahani ya chipsi, au humtumia nauli kwa simu, kisha hudhani kuwa amekwisha kumnunua. Binti akisema kuwa hakukusudia mapenzi, huambiwa, "Mbona ulikula?" Na mara nyingi maneno huzidi, yakawa vitisho na mikono. Sikilizeni vizuri, enyi wanaume. Chakula ulichompa mtu bila sharti ni zawadi. Ameeleza Ibn Abbas (R.A.), katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) alimfananisha mwenye kurejea katika zawadi yake na mbwa anayerejea kula matapishi yake. Na katika Al-Baqara, aya ya 264, tumekatazwa kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Hata sheria ya nchi yetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa kutarajia ndoa pale tu mahakama itakaporidhika kuwa mtoaji aliikusudia kwa sharti kuwa ndoa hiyo ifungwe. Soda ya pwani haimo humo. Kukubali mwaliko si kukubali mapenzi, na kula chakula si kutoa idhini ya mwili. Mwili haununuliwi kwa nauli. Nawe binti yangu, ukiisha kujua kuwa anayekulipia anatarajia lisilo halali, usiendelee kula chake ukajifanya hujui. Rudisha, au kataa mapema, ili usimwachie mtu hoja hata ile iliyo dhaifu.

Na sasa nawageukia wenye mamlaka juu ya wengine: mwalimu juu ya mwanafunzi wake, mwajiri juu ya mfanyakazi wake, mwenye duka juu ya mwuzaji wake. Mwaliko wenu una uzito ambao mwaliko wa rika kwa rika hauna. Mwalimu akimwambia mwanafunzi, "Njoo tuzungumze habari za alama zako mahali patulivu," mwanafunzi huyo hana uhuru wa kuuliza kama nilivyoeleza, kwa kuwa anaogopa kufelishwa. Huo si mwaliko tena, ni kulazimishwa kuliko na sura ya upole. Mbele ya Mwenyezi Mungu ni dhulma na uzinzi vilivyofungwa pamoja. Na mbele ya sheria ya nchi ni jinai: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 25, imemtia hatiani mwenye mamlaka anayedai upendeleo wa kingono kuwa sharti la kumpa mtu ajira, cheo, haki au upendeleo wowote. Mwanafunzi akipata mwaliko wa namna hiyo, asinyamaze. Ahifadhi ujumbe aliotumiwa, amwambie mzazi, na apeleke habari kwa wenye kuhusika. Kumstahi dhalimu si staha.

Enyi wazazi, nanyi mna fungu lenu. Siku binti atakapokuja kwako na kusema, "Mama, fulani ameniita, nami sijui ananiitia nini," siku hiyo umepewa neema kubwa. Ukimpokea kwa makelele na matusi, umemfundisha jambo moja tu: kwamba safari ijayo asikwambie. Atakwenda kumwuliza shoga yake ambaye umri wao ni mmoja na ujinga wao ni mmoja. Basi msikilize mpaka amalize. Muulize maswali yale manne: kusudi ni lipi, mahali na saa ni vipi, kuna siri gani, na je, mtu wa tatu aweza kuwepo? Mwache ajibu mwenyewe, kwani akili inayozoezwa nyumbani itamfaa siku ambayo hupo. Na wavulana nao wafundisheni hayo hayo. Tumekuwa watu wa kuwaonya mabinti juu ya wavulana, kisha tukawaacha wavulana bila ya kuwaonya juu ya nafsi zao.

Wala wazazi msione haya kufungua vinywa katika jambo la ndoa. Sayyidna Umar (R.A.), binti yake Hafsa alipofiwa na mumewe, alimwendea Sayyidna Uthman akamtajia habari ya kumwoa, kisha akamwendea Sayyidna Abu Bakr. Uthman alimjibu kuwa hakuona haja ya kuoa wakati ule. Abu Bakr alinyamaza, na Umar alikasirika kwa kunyamaziwa kuliko alivyokasirika kwa kukataliwa. Baadaye Mtume (S.A.W.) alipomwoa Hafsa, Abu Bakr akamweleza Umar kuwa alinyamaza kwa sababu alimsikia Mtume akimtaja, naye hakutaka kuifichua siri yake. Kisa hiki kimo katika Bukhari. Ikiwa kunyamaza kwa mtu mkweli kama Abu Bakr, tena kwa sababu njema, kuliweza kuumiza moyo wa rafiki yake, sembuse kunyamaza kwa mtu anayeficha nia yake kwa kusudi la kumtega mwenziwe?

Na nimalizie kwa kisa cha Bibi Safiyya (R.A.). Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu msikitini, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Mkewe Safiyya akaja kumzuru usiku. Alipoondoka, Mtume akainuka kumsindikiza. Wakapita watu wawili miongoni mwa Ansari, wakaharakisha mwendo. Akawaambia wapole, akawajulisha kuwa huyo ni Safiyya binti Huyayy. Wakashangaa, kwani nani angemdhania Mtume vibaya? Akawaeleza kuwa shetani hupita ndani ya mwanadamu mapito ya damu, naye amechelea asije akatia kitu nyoyoni mwao. Huyu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, yuko na mke wake wa halali, mlangoni mwa msikiti, wala hapana aliyemwuliza. Hata hivyo hakuona uzito kusema jina la aliye naye na kuondoa shaka. Basi sisi ni nani hata tuone uzito wa kusema, tunapomwita mtu, tunamwita kwa ajili ya nini?

Enyi vijana wa Magogoni, wa Kariakoo na wa kila mtaa unaotusikia: mkialika, tajeni kusudi. Mkialikwa bila ya kutajiwa, ulizeni. Mkijibiwa kwa kuzungushwa, bakini nyumbani, na hamtakuwa mmepoteza kitu chenye kheri.

Ewe Mola wetu, zitakase nia zetu na ulimi wetu. Walinde mabinti zetu na vijana wetu wakiwa masomoni, kazini na safarini. Wape wanaotaka ndoa njia iliyo nyepesi na wenza walio wema, wala usiwafanyie mahari na gharama kuwa kizuizi. Wape wazazi subira ya kusikiliza, na uwape wenye mamlaka hofu ya kukuogopa Wewe. Waliodhulumiwa uwape nguvu ya kusema na wa kuwasikiliza. Ewe Mola wetu, tupe mema ya dunia na mema ya Akhera, na utukinge na adhabu ya Moto. Amin.

Waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu naye atawakumbukeni, mshukuruni kwa neema zake naye atawazidishieni. Inukeni mkasimamishe sala.